Ploti 36 za Ngata: ardhi iliyouzwa kwa kuanika takwimu

Tangazo la kwanza la kampuni moja ya kuuza ploti Nakuru, Kenya, lilifanana na yote yaliyobandikwa kwenye milingoti kuanzia Lanet hadi Salgaa: "Eighth za Ngata kutoka 850K, title tayari, dakika tano kutoka lami." Eighth ni ploti ya moja ya nane ya ekari, title ni hati ya umiliki. Picha moja iliyopigwa kutoka angani, mshale mwekundu, nambari ya simu. Miezi mitatu baadaye simu 210 zilikuwa zimeingia, watu 64 wamepelekwa saiti, na ploti 5 tu ndizo zilizouzwa.

Kampuni hii tumeiunda kwa ajili ya uchambuzi. Bei zake, hesabu za simu na matokeo ya vipimo vya shamba lake ni vya mfano, visichukuliwe kuwa takwimu za soko. Sheria tunazozitaja ni za kweli, na makosa ya kampuni hiyo atayatambua yeyote aliyewahi kuuza ploti Nakuru.

Shamba lenyewe ni ekari 5, upande wa Ngata kuelekea Njoro, sawa na mita za mraba 20,234. Saveya, yaani mpimaji wa ardhi, alitoa ploti 36 za mita 15 kwa 30. Mita za mraba 4,034 zilizobaki, karibu moja ya tano ya shamba, zilimezwa na barabara za upana wa mita 9. Anayekuambia ekari moja hutoa ploti nane za kawaida amesahau barabara, au amekusudia kuzifinya ziwe vichochoro.

Meneja alipofungua daftari la simu aliona kwamba mauzo yake yalikuwa yakikwama kwa maswali manne yanayojirudia. Ni wapi hasa? Title ni ya nani? Hiyo 850 ni ya ploti ipi? Maji yako? Wahudumu walikuwa wakimjibu kila mtu, "Kuja saiti utajionea, boss." Boss anakuja, Probox ya kukodi inachomwa mafuta, kisha anagundua kwamba ploti ya 850,000 ni moja, imebanwa nyuma kabisa, na nyingine zote zinaanzia 950,000. Haulizi zaidi. Anarudi mjini akiwa na neno la kuwaambia jamaa zake.

Hapo ndipo lilipokuja wazo la kuanika kila kitu: jedwali moja la safu 36, kila ploti na safu yake, linaloweza kusomwa na yeyote mwenye simu bila kuacha jina wala nambari. Wengine ofisini waliona ni wazimu. "Jirani atashusha bei yake chini ya yetu." Ni kweli, jirani anaweza. Lakini katika soko la Nakuru bei haiwi hoja ya kwanza. Sehemu kubwa ya ardhi inayozunguka mji huu ilitoka kwenye mashamba ya walowezi yaliyonunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika baada ya uhuru, wanachama wakapewa vyeti vya sheya, wakapiga kura za kugawana, na baadhi ya migogoro ya wakati ule inaendelea mpaka leo kwa watoto na wajukuu. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu wa hapa, kabla ya kuuliza bei, huuliza, "Hiyo block ilikuwa ya kampuni gani?" Hofu yake ni kununua kesi. Tapeli anaweza kunakili bango lako kwa dakika mbili. Hawezi kutoa nambari ya hati ambayo mnunuzi akienda nayo kwenye sajili ya ardhi atakuta jina lile lile alilotajiwa. Takwimu huuza kwa sababu hiyo: mtu anaweza kuzipeleka kwingine akazihakiki bila wewe kuwapo.

Safu ya ploti moja ilibeba haya: nambari ya ploti, nambari kamili ya hati, ukubwa kwa hekta kama ulivyoandikwa kwenye hati, vipimo vya pande zote nne kwa mita, upana wa barabara inayopita mbele, umbali hadi mlingoti wa umeme ulio karibu, umbali hadi bomba la maji, mteremko, hali ya udongo, bei ya taslimu, bei ya awamu za miezi 6, hali ya mauzo, na tarehe ambayo rejista ilikaguliwa mara ya mwisho. Sehemu ya mwisho ya kila safu iliitwa "Kasoro". Wauzaji waliipigania iondolewe. Ilibaki, na tutairudia.

Ukubwa ndio ulioleta kelele za kwanza. Bango lilisema "eighth", jedwali likasema hekta 0.045. Simu zikaanza: mbona imepungua? Haikupungua. Ekari ina futi za mraba 43,560, kwa hivyo moja ya nane yake ni futi 5,445, karibu hekta 0.0506. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi 5,000. Ploti ya mita 15 kwa 30 ni futi 4,844 hivi. Anayelipia eighth akapewa 0.045 amekosa kama asilimia 11 ya alichoambiwa, na hatajua mpaka siku fundi atakapokuja na tepu kuchora nyumba. Kampuni ilifuta neno "eighth" katika matangazo yake yote. Wateja wawili waliokuwa wamelipa dipoziti waliomba warudishiwe, wakarudishiwa. Bora hao wawili mwanzoni kuliko wanunuzi 36 mwishoni.

"Title tayari" nalo lilifumuliwa. Kilichokuwa tayari wakati bango linachapishwa kilikuwa hati mama, yaani hati ya shamba zima. Kati ya hati mama na hati ya ploti kuna kibali cha kaunti cha kugawanya chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kuna fomu ya mgawanyo ambayo masaveya huiita mutesheni, kuna kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi kwa kuwa shamba ni la kilimo, kisha marekebisho ya ramani ya usajili, ndipo hati mpya zitoke. Jedwali likawekwa sehemu ya "hatua" yenye tarehe, na mpaka hati za ploti zilipotoka, mahali pa nambari ya hati paliandikwa "bado". Mnunuzi naye alikumbushwa kwamba mauziano ya ploti yake yanahitaji kibali cha bodi cha peke yake, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu kusaini makubaliano. Bila kibali, Sheria ya Kudhibiti Ardhi huyahesabu mauziano hayo kuwa batili, hata kama pesa zimelipwa hadi senti ya mwisho.

Gharama ambazo huwa haziguswi na matangazo zilipata sehemu yake pia. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani, na anayelipa ni mnunuzi. Tangu Nakuru ipate hadhi ya jiji Desemba 2021, watu hubishana sana kipande gani ni mji na kipi ni shamba. Kwa ploti ya 950,000, tofauti ni kati ya 38,000 na 19,000. Kampuni iliandika kiwango cha juu, na maelezo kwamba thamani itakayotumika ni ile ya mthamini wa serikali, ambayo inaweza kupita bei ya kwenye makubaliano.

Sasa makosa, na yalikuwa mengi.

La kwanza lilikuwa la ramani. Saveya alileta majira (nambari zinazoonyesha mahali kwenye ramani) ya bikoni zote, yaani alama za mipaka, kijana wa ofisini akayapakia kwenye ramani ya mtandaoni, na ploti 36 zikatokea Somalia. Watu walicheka, lakini sababu yake inafaa ieleweke na kila anayefanya kazi upande huu. Mstari wa longitudo 36 mashariki unapita kati ya jiji la Nakuru na Njoro, na huo ndio mpaka wa zoni ya 36 na zoni ya 37 katika mfumo wa majira wa UTM. Shamba lilikuwa magharibi ya mstari, majira yake ya zoni 36. Programu ilikuwa imewekwa zoni 37, kama ilivyozoeleka kwa kazi za mjini. Kosa hilo husukuma nukta digrii 6 mashariki, na kwa ukubwa wake halifichiki.

Lililofichika lilikuwa la pili. Zoni ilirekebishwa, ploti zikarudi Ngata, kila mtu akaridhika. Lakini majira ya saveya yalikuwa ya mfumo wa zamani, Arc 1960, na ramani za simu hutumia WGS 84. Hapa kwetu tofauti ya mifumo hiyo miwili ni takriban mita 300, nyingi yake ikiwa kaskazini na kusini. Ploti zikawa zimekaa juu ya shamba la mahindi la jirani. Mteja mmoja akaja peke yake kutoka Nairobi akifuata nukta ya ramani, akamkuta mzee anapalilia. "Shikamoo mzee, hizi ndizo ploti zinazouzwa?" Mzee akaweka jembe chini. Kufikia jioni Ngata nzima ilikuwa inajua kuna kampuni inauza shamba la mzee wa watu, na meneja alitumia siku mbili kwa wazee wa mtaa na chifu akieleza mambo ya mifumo ya majira kwa watu wasiokuwa na hamu nayo.

Dawa yake haina gharama. Saveya aandike kwenye faili jina la mfumo na zoni, si nambari tupu. Kabla ya kuanika, mtu asimame kwenye bikoni tatu zilizo mbalimbali akiwa na simu, alinganishe. Zikitofautiana na ramani kwa mita 5 au 10, hilo ni kosa la simu. Zikitofautiana kwa mita 300 zote kuelekea upande mmoja, hilo ni kosa la mfumo. Kisha chini ya ramani paandikwe wazi kwamba nukta ni za kukuongoza kufika, si za mpaka. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 huichukulia mipaka ya kwenye ramani ya usajili kuwa ya kukadiria, isipokuwa imepimwa na kuthibitishwa rasmi. Kuanika majira yenye desimali sita ni kumfanya mtu aamini usahihi ambao rejista yenyewe haijauahidi.

Kosa la tatu lilikuwa ploti 17. Jumamosi moja saiti ilikuwa na wateja kutoka pande mbili. Muuzaji mmoja alipokea dipoziti ya 50,000 kwenye simu yake, akapanga kuingiza kwenye jedwali akifika ofisini. Jedwali likaendelea kusema "ipo". Saa mbili baadaye mtu mwingine, akiliamini jedwali, akalipa ofisini. Bila jedwali ungekuwa mkanganyiko wa kawaida wa saiti. Pakiwa na jedwali ulikuwa ushahidi wa maandishi, maana yule wa pili alikuwa na picha yenye saa. Tangu hapo pesa zote zilipita kwenye paybill moja, yaani nambari ya kampuni ya kupokea malipo ya simu, na nambari ya akaunti ikawa nambari ya ploti: NGT17, NGT18. Malipo yakiingia, mhasibu anaona ploti ipi, anabadilisha safu saa ile ile, na hakuna mwingine ofisini mwenye uwezo wa kuhariri. Dipoziti inashika ploti siku 14. Zikipita bila makubaliano kusainiwa, ploti inarudi kuwa "ipo", hata kama mteja ni binamu wa mkurugenzi.

Picha za jedwali zilikuwa na matatizo yake. Mtu hupiga picha ya skrini, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp la ndugu walioko ng'ambo, na miezi mitano baadaye simu inaingia kutoka Minnesota ikidai bei ya wakati ule. Kampuni ilianza kuweka tarehe kwa herufi kubwa katikati ya kila ukurasa, si pembeni mahali inapokatika, pamoja na siku ambayo bei inaisha nguvu.

Lakini kosa lililokaribia kuua mpango mzima lilikuwa la wema kupita kiasi. Ili kuonyesha kwamba hawafichi, walianika picha ya hati mama, kila ukurasa. Ndani ya wiki tatu ukurasa mwingine mtandaoni ulikuwa unauza ploti hizo hizo kwa 600,000 kwa kutumia hati hiyo, paybill ikiwa nyingine. Pamoja na hayo, kwa miezi mingi kampuni ilikuwa imetundika picha za wateja wakitabasamu, hati mpya zimefunguliwa kifuani. Desturi hiyo imeenea mno Kenya. Vuta picha karibu utasoma jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya hati ya mama wa watu. Hizo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa kampuni ya ploti 36, hata hicho kidogo kinauma.

Msimamo waliofikia ndio tungemshauri yeyote: fungua taarifa, funga nakala. Nambari ya hati ianikwe. Picha ya hati isianikwe. Nambari inamwezesha mnunuzi kuomba ukaguzi wa rejista, kile watu huita sachi, na sheria inampa yeyote haki ya kupata maelezo ya rejista kuhusu kipande cha ardhi. Picha haimwezeshi lolote zaidi ya hapo, ila inampa tapeli malighafi. Hati yenyewe huonekana kwa wakili. Ploti iliyouzwa huandikwa "imeuzwa" basi, bila jina. Na tarehe ya ukaguzi wa rejista haikuwa pambo: sachi husema hali ilivyokuwa siku ile, na zuio la kuuza linaweza kuwekwa kesho yake. Kampuni ilikagua upya kila mwezi, na jedwali likamwambia mnunuzi afanye sachi yake mwenyewe siku ya kulipa fungu kubwa.

Mabrokeri waligoma. Kazi yao, tuseme ukweli, mara nyingi ni kuweka chao juu: mwenye shamba anataka 950,000, wanamwambia mteja milioni 1.1. Bei ikiwa hadharani hilo linakufa. Kampuni iliandika kamisheni kwenye jedwali lenyewe, shilingi 30,000 kwa ploti, sawa kwa wote, ikilipwa mteja anapomaliza kulipa. Nusu ya mabrokeri waliondoka. Waliobaki waliligeuza jedwali kuwa chombo chao: walilituma mapema, wakaleta saiti watu waliokwisha chagua ploti. Sheria ya Mawakala wa Mali isiyohamishika inataka wakala awe amesajiliwa, na kamisheni iliyoandikwa hadharani ilimlazimisha meneja kuuliza nani amesajiliwa na nani si msajiliwa, swali alilokuwa amelikwepa siku zote.

Bei ya hadharani pia inakufunga mikono. Mteja mmoja wa taslimu alipunguziwa 50,000 kwa siri. Siri ilidumu siku nne, kisha watatu waliokwisha nunua wakaja kudai zao. Ukianika bei, usipatane. Au andika punguzo lenyewe: ploti tatu kwa pamoja, asilimia fulani.

Turudi kwenye sehemu ya "Kasoro". Ploti 29 hadi 32 ziko upande wa chini, ambako maji ya mvua hushuka. Mashimo ya majaribio ya kina cha mita 1.5 yalionyesha udongo mlegevu wa majivu ya volkano. Magharibi ya Nakuru si mahali pa kulipuuza hilo: ardhi ya upande huu imewahi kupasuka nyufa baada ya mvua kubwa, na kila mkazi ana habari ya korongo lililofunguka penye njia. Sehemu hiyo ikasema: "Maji ya mvua hupita hapa. Udongo mlegevu. Kabla ya kujenga, pata ushauri wa mhandisi kuhusu msingi." Kwa ploti zote, sehemu ya maji ilisema kisima cha shamba kina floraidi miligramu 3.8 kwa lita, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Watu wa Nakuru wanayajua meno ya kahawia, hawakuhitaji kuelezwa. Walichohitaji kujua ni kwamba kuchemsha hakuiondoi floraidi, na kwamba maji ya kunywa yatoke kwenye tangi la mvua, au yapite kwenye kichujio cha mkaa wa mifupa.

Wauzaji walitabiri kwamba sehemu hiyo ya "Kasoro" ingefukuza watu. Iliwafukuza kwenye ploti nne, na ikawasukuma kwenye zile 32. Aliyesoma kwamba ploti 30 inapitwa na maji aliamini pale palipoandikwa kwamba ploti 8 haipitwi. Katika miezi mitatu iliyofuata simu zilipungua hadi 95, waliokwenda saiti wakawa 27, na ploti 14 zikauzwa. Hasara ilikuwa halisi vilevile: ploti nne zilikaa, na kukaa kwake kulionekana na kila mtu, kwa hivyo bei yake haikuwa na pa kujificha. Mbili ziliuzwa kwa 600,000 kwa mtu wa miche, ambaye maji yanayopita ndiyo aliyokuwa akiyataka. Mbili za mwisho kampuni iliacha kuziuza, ikachimba mtaro na bwawa dogo la kupokea maji ya barabara, na safu zake zikabadilika kuwa "haiuzwi".

Jedwali halikushushwa mauzo yalipoisha. Mwaka uliofuata mwenye ploti 11 alijenga ukuta ulioingia barabarani. Jirani yake wa ploti 12 alichapisha safu mbili, ile ya 11 na yake, zenye urefu wa pande zote na barabara ya mita 9, akampelekea saveya. Bikoni ya kona ilipatikana ndani ya ukuta. Mawe yalibomolewa mstari mmoja, mita 1.2, na ukuta ukajengwa upya.